Tumechanga milioni 46 kwa ajili ya Kilwa, tufungue faundesheni au tufanyeje?

Dada mmoja, mweka hazina wa umoja wa watu wa Kilwa wanaoishi Dar na nje ya nchi, ameniandikia swali refu kweli, nalifupisha ili wengine nao wafaidike. Wana shilingi milioni 46 benki. Milioni 6 ni salio la mchango wa mafuriko na kimbunga Hidaya cha 2024. Milioni 25 imetolewa na familia moja iliyouza kiwanja, wanataka iwe kumbukumbu ya mama yao, isaidie wasichana wasome. Milioni 15 zilizobaki ni michango ya wanachama ya kila mwezi. Ndugu zao walioko Minneapolis wanawaambia huko Marekani kila mji una faundesheni ya jamii, yani taasisi inayotunza michango ya watu wengi wa mji huo, hela inakaa miaka mia na haiishi, fungueni na nyie. Kwenye grupu la wasapu wengine wanasema hizo ni ndoto, gaweni hela watu waone kitu. Dada anauliza hizo faundesheni zinatunzaje hela, zinasaidiaje asasi ndogo za hapo walipo, na je wao kwa milioni 46 wanaweza?

Dada yangu, salamu zimefika na pole kwa hayo magrupu ya wasapu, nayajua. Nimefanya kazi ya ruzuku na mifuko ya namna hii kwa muda mrefu kwahiyo ntakujibu kwa urefu maana swali lako lina maswali kama manne ndani yake. Ila jibu fupi nikupe kabisa mwanzoni: mfuko mnaweza kuwa nao, tena mwaka huu huu, lakini kufungua faundesheni nzima yenye ofisi na mkurugenzi kwa milioni 46 siwashauri hata kidogo, hela itaisha kwenye kodi ya pango na mishahara kabla msichana mmoja hajapata daftari. Na kitu cha kwanza kabisa cha kufanya, kabla hata ya kikao, ni kuacha kuiita milioni 46. Hiyo hela mkononi mwako ni hela tatu tofauti, zimekuja kwa ahadi tatu tofauti, na zimekaa akaunti moja tu kwasababu ilikuwa rahisi.

Faundesheni ya jamii ukiifungua ndani ndivyo ilivyo. Kwa nje unaona jina moja na bodi moja, kwa ndani ni mifuko mingi, mingine inafika mamia, kila mfuko una jina lake, makaratasi yake na masharti yake. Kuna mfuko ambao mtoaji amesema "fanyeni mnaloona linafaa hapa mjini", huo ndio bodi inaupenda kuliko yote. Kuna mfuko wa shughuli moja tu, mfano afya ya mama na mtoto. Upo ambao mtoaji yupo hai na anaendelea kushauri apewe nani, na mfuko wa kusomesha, na mfuko ambao asasi ndogo ya hapo hapo imeweka akiba yake yenyewe itunzwe kwasababu haiwezi kuajiri mtu wa uwekezaji. Hela zote zinawekezwa pamoja kwa gharama nafuu, lakini kwenye vitabu kila shilingi inajulikana ni ya mfuko gani. Hapo ndipo ufundi wao ulipo, yani kuwekeza pamoja na kuhesabu mbali mbali. Nyie mnaweza kuanza na hilo la pili leo, kwa daftari au Excel, bila kusajili chochote.

Sasa nikueleze hii kitu ilitoka wapi maana inasaidia kuelewa kwanini imekaa hivyo. Ya kwanza kabisa ilianzishwa Cleveland, jimbo la Ohio, Januari 1914, na bwana mmoja anaitwa Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa anaongoza benki ya Cleveland Trust. Huyu bwana kila siku alikuwa anaona wosia za matajiri zinapita mezani, mtu kafa kaacha mali nyingi kwa hisani lakini kaandika masharti magumu, miaka inapita, mji unabadilika, shida aliyoitaja haipo tena, na hela imekaa tu hamna anayeruhusiwa kuigusa. Wanaojua habari hizi wanamtaja Bryan Mullanphy, aliwahi kuwa meya wa St. Louis, akafariki 1851, theluthi ya mali yake akaiacha isaidie wahamiaji maskini wanaopita St. Louis wakienda kuanza maisha upande wa magharibi. Wakati anaandika ilikuwa shida ya kweli kabisa, watu wanakuja na mikokoteni, wanaumwa, wanafilisika njiani. Alafu reli zikajengwa, ule uhamaji ukaisha, mfuko ukabaki unatafuta watu ambao hawapo, mpaka ikabidi mahakama ziingie kati.

Dawa ya Goff ilikuwa kuwa na taasisi moja ya mji mzima, watoaji wengi waweke humo, benki itunze na kuzalisha, alafu kamati ya wananchi waaminifu ndio iamue inaenda wapi, na kwenye makaratasi kuwe na kipengele kinachosema matumizi aliyotaja mtoaji yakishakuwa hayana maana tena au hayawezekani, bodi ina mamlaka ya kuihamisha hiyo hela kwenye shida inayofanana nayo. Kipengele hicho kimoja ndio roho ya kitu chote. Baada ya Cleveland miji mingine ikafuata haraka sana, Chicago na Boston 1915, na leo zipo Ulaya, Afrika, Asia, kote.

Unaweza ukasema hayo ya mikokoteni yanatuhusu nini watu wa Kilwa. Yanawahusu sana, sikiliza. Chukulia hiyo familia ingetoa hiyo milioni 25 mwaka 2010 na ikaandika "riba yake ilipie ada za wasichana wa kidato cha kwanza mpaka cha nne". Mwaka ule lilikuwa wazo zuri, watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Januari 2016 serikali ikafuta ada kwenye shule zake za sekondari mpaka kidato cha nne, na baadae kidogo, 2022, ikafuta na ya kidato cha tano na sita. Mfuko wenu ungekuwa na hela na usingekuwa na cha kulipia, wakati huo huo msichana yule yule anashindwa kwenda shule kwasababu ya nauli, sare, taulo za kike, au hosteli iko mbali na kwao. Kwahiyo ile hati ya makubaliano na familia isiseme "ada". Iandikeni kama alivyoishi mama yao, mfano "kumwezesha msichana wa Kilwa kuendelea na masomo na kumaliza", alafu kipengele cha pili kiseme kamati itaamua kila mwaka kizuizi kikubwa ni kipi, na cha tatu kiseme ikitokea hata lengo hilo limepitwa na wakati, wadhamini kwa kura ya theluthi mbili wanaweza kuhamishia kwenye lengo la karibu nalo. Familia isome, iulize, isaini ikiwa hai na ina akili timamu. Hicho kikao mkikifanya vizuri mtakuwa mmemaliza nusu ya kazi.

Na hamuendi kujifunza kitu kigeni. Pwani yote kuanzia Lamu mpaka Kilwa Kivinje watu wameweka wakf karne na karne, nyumba au shamba la minazi linazuiwa lisiuzwe wala lisirithiwe, mapato yake yanatunza msikiti, kisima, mayatima. Kanuni ni ile ile aliyoelekezwa Sayyidna Umar juu ya shamba lake la Khaybar, asili ibaki, matunda yatolewe. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana mpaka leo. Na shida za wakf kwa kiasi kikubwa ndio zile zile alizoziona Goff, mwangalizi amefariki hamna aliyeandikwa kumrithi, karatasi hazionekani, nyumba inapangishwa kwa kodi ya mwaka 1970. Wazee wenu wakianza kuuliza hii habari ya kuweka hela isiguswe imetoka wapi, anzieni hapo kwenye wakf, watawaelewa kabla hamjamaliza sentensi, na pengine wana la kuwafundisha kuhusu kuteua waangalizi.

Haya, sasa hesabu, maana kwenye magrupu ndio ugomvi ulipo. Mfuko wa kudumu ni kama mkorosho, mnakula korosho na mti mnauacha. Ila lazima mjue mti wenu una ukubwa gani. Faundesheni nyingi zinatoa kama asilimia 4 au 5 ya thamani ya mfuko kwa mwaka, hata kama mwaka huo umezaa zaidi. Marekani zile faundesheni binafsi za familia sheria inazilazimisha zitoe angalau asilimia 5, hizi za jamii hazilazimishwi hivyo lakini wengi wamejiwekea hapo hapo. Kwanini wasitoe faida yote? Kwasababu ya mfumuko wa bei. Tuseme milioni 25 ya mama mmeiweka kwenye hatifungani, yani mnaikopesha serikali kwa riba, au mfuko wa uwekezaji wa pamoja na imezaa asilimia 11, hiyo ni milioni 2 na laki 7 na nusu. Bei za vitu zimepanda asilimia 4, kwahiyo milioni 1 lazima irudi kwenye mtaji, la sivyo mti unapungua kimya kimya na hakuna atakayegundua kwa miaka mitano. Anayewatunzia hela anachukua tuseme asilimia moja na nusu, laki 3 na elfu 75. Imebaki milioni 1 na laki 3 na elfu 75. Mkitoa asilimia 5 ya mfuko ni milioni 1 na laki 2 na nusu, kuna ka akiba kadogo ka mwaka mbaya. Hiyo ndio hela mnayoizungumzia, milioni moja na robo kwa mwaka. Inatosha wasichana wachache kwa sare, vifaa na nauli kila mwaka bila kukoma. Haijengi maabara, na mtu akisimama kwenye kikao akaahidi maabara kutoka kwenye mfuko huu mkatazeni palepale, maana ahadi ndio inauaga mifuko kuliko wizi.

Kuna ka ujanja kamoja kazuri sana wanakatumia na ni rahisi kukaiga. Hawapigi asilimia 5 ya thamani ya leo, wanapiga ya wastani wa miaka mitatu. Mfuko ukiwa ulikuwa milioni 24, ukawa 25, mwaka huu ni 29, wastani ni 26, mnatoa milioni 1 na laki 3. Mwaka mzuri hamlewi, mwaka mbaya hamkatishi mtoto masomo katikati.

Wapi pa kuweka sitakaa sana maana hili mtashauriwa na benki na dalali aliyesajiliwa, ila kwa Tanzania hatifungani za serikali za muda mrefu mpaka miaka 25 zipo na zinalipa riba mara mbili kwa mwaka, mifuko ya UTT AMIS, ile kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ipo kama Jikimu na ule wa Hatifungani ambayo inaweza kutoa gawio. Msikopeshane nyie kwa nyie hiyo hela. Najua vikoba vinafanya hivyo na vinafanya vizuri, ila kikoba ni hela ya wanachama wenyewe, hii ni amana ya watu wengine, mwanachama akishindwa kurejesha mtamdai nani kwa niaba ya msichana wa Somanga?

Tuje milioni 6 ya mafuriko. Hapa nakuomba uwe mkali. Watu walichanga wakiwa wanaona picha za barabara ya Dar kwenda Lindi imekatika na nyumba zimezama, hawakuchanga ili iwe mfuko wa elimu. Hela iliyoombwa kwa jambo moja inabaki ya jambo hilo mpaka aliyeitoa aseme vingine. New York, Septemba 11 mwaka 2001, siku hiyo hiyo ya shambulio faundesheni ya jamii ya mji ule, New York Community Trust, pamoja na United Way ya New York, shirika la kuchangisha misaada, walifungua mfuko, zikaingia zaidi ya dola milioni 500, na hawakusema tuweke riba tule milele, walizitumia kwa waathirika na mfuko ukafungwa baada ya miaka michache. Hela ya dharura inatakiwa iishe. Kwahiyo nyie tumeni ujumbe kwa wachangiaji wote, waelezeni imebaki milioni 6, wapeni chaguo mbili, ya kwanza imalizie kuinua kaya ambazo bado hazijasimama, ya pili ikae kama akiba ya maafa ya Kilwa tayari kwa masika yajayo, mpeni mtu na nafasi ya kusema nirudishieni yangu. Wekeni tarehe ya mwisho ya kujibu na muhifadhi majibu. Itachukua wiki mbili na itawajengea imani kuliko ripoti kumi.

Milioni 15 ya wanachama ndio hela yenu huru, na hapa nadhani wale wanaosema "watu waone kitu" wana hoja, nisiwabeze. Msiifunge. Mimi ningeweka milioni 3 akiba, na milioni 4 kila mwaka kwa miaka mitatu igawiwe kama ruzuku ndogo ndogo kwa vikundi na asasi za Kilwa zenyewe. Hapa ndipo napenda kuongea kwahiyo nivumilie.

Watu wengi wakisikia kusaidia jamii wanafikiria wao wenyewe waende wakafanye, wanunue madawati, wapige picha. Faundesheni ya jamii kazi yake si hiyo, inatafuta nani tayari anafanya hapo na inamuongezea nguvu. Ile ya Cleveland miaka yake ya kwanza haikuwa na hela karibu kabisa maana watoaji walikuwa bado hai, unajua walifanya nini? Walilipia utafiti wa shule za mji mzima, 1915 na 1916, mpaka mji ukajua shule zake zina hali gani, na baadae wakafanya wa mahakama na polisi. Ujuzi wa hali ya mji ulitangulia hela. Nyie pia kabla ya kutoa shilingi fanyeni orodha, kata kwa kata, nani anafanya nini. Ongeeni na afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, ana orodha ya vikundi vilivyosajiliwa. Mtakuta kuna kikundi cha akina mama Kivinje wanaendesha kituo cha watoto kwa miaka bila mfadhili yoyote, kuna walimu wastaafu wanafundisha jioni bure. Hao ndio wa kupewa.

Alafu mnapowapa msiwafanyie kama wafadhili wa zamani walivyotufanyia sisi. Fomu iwe ukurasa mmoja au miwili, kwa Kiswahili, mtu aijaze kwa mkono akitaka. Nendeni mkawaone kabla ya kuwapa, mtu akikaa nusu siku pale kituoni anajua mengi kuliko andiko la kurasa arobaini. Na ruhusuni hela itumike kwenye uendeshaji! Hili nalisema kwa uchungu maana nimeona asasi nzuri zikifa zikiwa na mradi wa milioni mia kwenye makaratasi na hazina hela ya kulipia umeme wala ya mhasibu, kila mfadhili anataka kulipia semina na fulana na hakuna anayetaka kulipia mlango wa ofisi ufunguke asubuhi. Milioni 1 isiyo na masharti mengi, kwa kikundi mlichokichunguza, kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo, inafanya kazi kuliko milioni 3 ya mara moja. Mkiweza wapeni na mtu wa kuwafundisha kutunza vitabu, hata akienda siku mbili tu kwa miezi mitatu, maana wakishakuwa na vitabu wanaweza kuomba kwa wengine wakubwa zaidi, mfano Foundation for Civil Society ya hapa Tanzania ambayo imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi tangu miaka ya 2000 mwanzoni.

Na njia nyingine nzuri sana ni kulinganisha, mnawaambia kikundi mkikusanya laki 5 wenyewe pale kijijini sisi tunaongeza laki 5. Kenya kuna KCDF (Kenya Community Development Foundation), ilianzishwa 1997 kwa msaada wa mwanzo wa Ford Foundation na Aga Khan Foundation, hawa wamefanya hiyo kazi kwa miaka na pia wanatunza mifuko ya vikundi na familia chini ya mwavuli wao. Wakenya wana harambee kwenye damu, lakini harambee ni ya siku moja, KCDF walichojaribu ni kuigeuza hiyo roho iwe mfuko unaobaki. Ongeeni nao hata kwa barua pepe kuhusu makaratasi yao.

Sasa jambo gumu. Nani achague wasichana? Najua kwenye umoja wenu kila mtu ana mpwa. Na familia iliyotoa milioni 25 itatamani kuchagua, ni ya kibinadamu kabisa hiyo. Marekani tangu sheria ya 2006 kwenye mifuko inayotoa skolashipu mtoaji na watu wake hawaruhusiwi kuwa ndio wanaoitawala kamati ya kuchagua, na vigezo lazima viwe vimeandikwa na viwe wazi. Hata kama sheria hiyo haiwahusu nyie, ichukueni. Kamati ya watu watano, familia ipate kiti kimoja tu, wawili wawe Kilwa kwenyewe mfano mwalimu mkuu mstaafu na mama anayeheshimika, mtu akiona jina la ndugu yake anatoka nje ya chumba na inaandikwa kwenye muhtasari kwamba alitoka. Familia iheshimiwe kwa njia zingine, wapelekewe barua za wasichana, waalikwe kila mwaka, jina la mama liwe kwenye kila cheti. Waambieni haya mapema kabla hawajasaini, wakikataa ni bora wakatae sasa hivi kuliko mkose kuelewana mwaka wa tatu mbele ya watoto.

Kuhusu kusajili. Njia zipo kadhaa na kila moja ina gharama ya kila mwaka ya ripoti na ukaguzi ambayo watu hawaihesabu: bodi ya wadhamini kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, au NGO kwa Msajili aliyeko wizara ya maendeleo ya jamii, na kama mnataka kutambulika kama shirika la hisani kwa mambo ya kodi hilo ni la TRA peke yake, usajili wenyewe haukupi. Mimi ningewaambia kwa miaka mitatu ya kwanza tafuteni mlezi, asasi au taasisi yenye bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, yenye hesabu zilizokaguliwa, inayofanya kazi mkoa wa Lindi, mkubaliane kwa maandishi iwatunzie mfuko kwa ada ya asilimia moja mpaka mbili. Mwanasheria asome makubaliano hayo. Yaseme wazi hela sio mali ya mlezi, haiwezi kutumika kulipa madeni yake, mtapewa taarifa kila robo mwaka, na mkitaka kuondoka mnaondoka na hela yenu ndani ya siku 90. Mlezi akisita kwenye hicho cha mwisho, ondokeni hapo hapo kabla hamjampa hela.

Na wewe kama mweka hazina usikubali kubaki na saini peke yako hata kama wote wanakuamini, na hasa kama wanakuamini. Saini tatu, mbili ndio zitoe hela, mmoja wao asiwe ndugu wala jirani. Kila robo mwaka weka kwenye grupu ukurasa mmoja: mfuko wa mama ulikuwa kiasi gani, umezaa kiasi gani, umetoa kwa nani, akiba ya maafa ipo ngapi, ruzuku zimekwenda wapi. Majina ya watoto usiweke, weka shule na idadi tu, msichana asije akanyooshewa kidole darasani.

Ndugu zenu wa Minneapolis mwisho. Wao wakituma moja kwa moja kwenu hawapati nafuu ya kodi kule, ili waipate inabidi hela ipite kwenye shirika la kule lenye hadhi ya 501(c)(3), yani shirika la hisani linalotambuliwa na sheria ya kodi ya Marekani. Faundesheni za jamii za kule zinaweza kumfungulia mtu au kikundi mfuko wa kushauri, wakaweka hela, alafu wakapendekeza iende kwa asasi ya Tanzania, ila faundesheni italazimika kuichunguza asasi hiyo kwanza, vyeti, katiba, hesabu, na wengine wana kiwango cha chini cha kuanzia ambacho kwa kikundi kidogo kinaweza kuwa kikubwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutafuta mlezi mwenye vitabu safi, atakuwa ndio mlango wao. Waambieni pia hiyo mifuko ya kushauri inalalamikiwa huko huko kwao kwa sababu mtoaji anapata nafuu ya kodi siku anayoweka, na hakuna sheria inayosema hela itoke lini, kwahiyo wakifungua wajiwekee wenyewe kwamba kila mwaka kitu fulani kinakuja Kilwa.

Kwahiyo kikao chenu kijacho kisiwe na ajenda ya "faundesheni ndio au hapana". Wekeni nne: ujumbe kwa wachangiaji wa mafuriko, rasimu ya hati ya familia, majina ya kamati, na nani anaenda Kilwa kufanya ile orodha ya asasi. Rasimu ya familia ukishaandika nitumie niipitie, ukurasa mmoja unatosha, na uwe umeongea kwanza na mtoto mkubwa wa marehemu ana kwa ana, sio kwenye grupu.